Gesi imejaa, jiko haliwaki: jibu kwa mama wa Machame ambaye mtambo wake umechachuka

*"Habari za kazi, mtaalamu. Niko Machame, nina ng'ombe wawili wa maziwa wa kufugia ndani na mtambo wa bayogesi wa mita za ujazo 6, ule wa kuba uliojengwa chini ya ardhi. Miaka miwili nimepika bila shida. Desemba watoto na wajukuu walikuja wote na gesi ikawa haitoshi, nikaamua kuulisha mtambo zaidi: mabaki ya pilau, ndizi, maganda, machicha ya mbege na mafuta yaliyobaki ya kukaangia. Ilikuwa kama ndoo tatu kwa siku, siku kumi hivi, juu ya kinyesi cha kila siku. Mwanzoni gesi ilikuja nyingi mpaka tukafurahi. Sasa kipimo cha ukutani kinapanda hadi mwisho, lakini nikiwasha kiberiti moto unaruka na kuzimika. Tope linalotoka linanuka uchachu. Jirani anasema bakteria wamekufa, ninunue hamira au ile dawa ya chupa yenye vijidudu. Mwingine anasema ni baridi ya mlimani. Kijana wangu anataka kufungua mfuniko aingie asafishe. Je, mtambo umekufa? Na inakuwaje chakula kingi kilete gesi mbaya?"*

Mama, pole sana. Kabla sijaeleza lolote, mwambie kijana auache mfuniko ulivyo. Ndani ya kuba hakuna hewa ya kuvuta. Methani, ile gesi inayowaka jikoni, na hewa ukaa zimeifukuza oksijeni, na humo humo kuna haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai viza. Ikiwa kidogo, pua inaikamata mara moja. Ikiwa nyingi, inaua uwezo wa pua kunusa, na mtu akadhani harufu imeisha kumbe ndiyo imezidi. Watu huanguka baada ya kuvuta pumzi chache tu, na mara nyingi anayefuata kufa ni yule aliyeshuka kumwokoa wa kwanza. Mtambo uliofunguliwa leo si salama kuingia hata kesho. Kazi hiyo ina watu wake na vifaa vyake, na kwa tatizo lako wewe haihitajiki hata kidogo.

Sasa swali lenyewe. Mtambo haujafa, umechachuka. Umenipa dalili zote tatu bila kujua. Kipimo kinapanda hadi mwisho, kwa hiyo gesi inatengenezwa, kuba halivuji na bomba halijaziba. Moto unaruka na kuzimika, kwa hiyo gesi hiyo ina methani kidogo na hewa ukaa nyingi. Tope linanuka uchachu, kwa hiyo asidi imelundikana ndani. Bayogesi nzuri huwa na methani asilimia 55 hadi 65, na inayobaki karibu yote ni hewa ukaa. Methani ikianza kushuka chini ya nusu, moto unainuka kutoka kwenye jiko, unayumba, unakufa. Hewa ukaa haiwaki kabisa; ndiyo hiyo hiyo wanayoijaza kwenye baadhi ya mitungi ya kuzimia moto.

Kuhusu baridi, huyo jirani wa pili hajakosea kwa jumla, ila si safari hii. Vijidudu wa bayogesi hupenda joto la nyuzi 35 hadi 37. Chini ya nyuzi 15 wanalegea sana, na wakikaribia nyuzi 10 ni kama wamelala. Lakini baridi peke yake hupunguza wingi wa gesi. Ungeona kipimo kiko chini, na hicho kidogo kilichopo kingewaka vizuri. Kwako ni kinyume. Halafu Januari ni mwezi wa jua huko kwenu. Angesema maneno hayo Julai ningemsikiliza zaidi.

Hamira uiache kwenye maandazi. Hamira ni kuvu anayekula sukari na kutoa pombe na hewa ukaa, na hewa ukaa unayo tayari ya kukutosha mwaka. Dawa za chupa nazo, aina nyingi zinazouzwa zina hamira pamoja na bakteria wale wanaogandisha maziwa, yaani watengeneza asidi. Wanaweza kuwa na faida kwenye mboji au kuondoa harufu ya banda. Kwenye mtambo uliochachuka ni kuongeza watu wa kazi ile ile iliyozidi. Wale unaowahitaji hawavumilii oksijeni, kwa hiyo si rahisi wakae salama kwenye chupa inayofunguliwa na kufungwa kaunta ya duka la pembejeo.

Ni akina nani hao? Hapa naomba uvumilivu kidogo, maana ukishaelewa nani anafanya nini humo ndani, utaweza kuutibu mtambo wako mwenyewe bila kuogopa.

Watu wengi huongea kana kwamba kinyesi chenyewe kinageuka gesi, au kana kwamba kuna mdudu mmoja anayekula taka na kutoa methani. Hakuna mdudu wa namna hiyo. Kuna makundi manne yanayopokezana, na kila kundi linaishi kwa uchafu wa kundi lililotangulia.

Wali hauwezi kupenya ukuta wa bakteria. Punje moja ni mlima kwake. Kwa hiyo kundi la kwanza hutema nje vimeng'enya vinavyokatakata wanga kuwa sukari, protini kuwa vipande vidogo, na mafuta kuwa asidi za mafuta. Kwa wali na ndizi mbivu kazi hii ni ya saa chache. Kwa majani magumu na mabua ni ya wiki nyingi, na mti wenyewe hauguswi kabisa, ndiyo maana vijiti na maranda hayafai mtamboni.

Kundi la pili linameza sukari hizo na kutoa asidi, pombe kidogo, haidrojeni na hewa ukaa. Kundi hili unalijua vizuri kuliko mimi: binamu zake ndio wanaoichachua mbege ikikaa siku mbili tatu zaidi ya inavyotakiwa. Ni wepesi, hawachagui chakula, na kwenye chakula kizuri wanaongezeka maradufu ndani ya saa chache.

Kundi la tatu linachukua zile asidi ndefu zaidi, kama ya propioni na ya butiri (hii ya pili ndiyo inayonuka kama siagi iliyooza), na kuzikata ziwe asidi ya siki na haidrojeni. Hapo pana jambo ambalo wanasayansi wenyewe walichelewa kuling'amua. Kwa miaka mingi vitabu vilimtaja kijidudu aliyeitwa *Methanobacillus omelianskii*, aliyekula pombe na kutoa methani peke yake. Mwaka 1967 Marvin Bryant na wenzake huko Marekani wakaonyesha kwamba hakuwa mmoja; walikuwa wawili wanaoishi kwa kushikana. Mmoja anakula pombe na kutoa haidrojeni, lakini haidrojeni ikilundikana kazi yake inasimama. Wa pili anaila haidrojeni hiyo papo hapo na kutoa methani. Ukiwatenganisha, yule wa kwanza anasusa. Ndivyo lilivyo kundi lote la tatu: haliwezi kusonga mbele mpaka kundi la nne liliondolee haidrojeni mlangoni.

Na kundi la nne ndilo lenye mtambo. Hawa si bakteria hata kidogo. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox waligundua kwamba ni ukoo mwingine wa viumbe, ulio mbali na bakteria, na leo tunauita arkea. Wanatengeneza methani kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuipasua asidi ya siki iwe methani na hewa ukaa. Katika mitambo ya namna yako, takriban asilimia 70 ya methani hutoka hapo. Ya pili ni kuunganisha haidrojeni na hewa ukaa. Viumbe wa ukoo huu huu, kwa njia hizi hizi, ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi ya kulijaza Ziwa Kivu methani inayokadiriwa kufika kilomita za ujazo 60, ambayo Rwanda imekuwa ikiivuta kutoka vilindini na kuzalisha umeme katika mtambo wa KivuWatt tangu 2016. Na ndio wanaoishi katika tumbo la ng'ombe wako. Akicheua na kubeua, anatoa methani. Kwa hiyo kila ndoo ya kinyesi kibichi unayomimina ina mbegu yao ndani. Hukuwahi kununua vijidudu siku mtambo ulipozinduliwa, na huna haja ya kuwanunua sasa.

Shida yao ni moja: hawana haraka. Wakati watengeneza asidi wanaongezeka kwa saa, hawa wanahitaji siku, na baadhi yao karibu wiki nzima, ili waongezeke maradufu. Wewe ni mtu wa Kilimanjaro, utanielewa nikisema ni kama shamba la kahawa ambalo wachumaji wameongezwa mara tano na mashine ya kumenya ni ile ile moja. Kahawa mbivu isiyomenywa siku ile ile inaanza kuoza kwenye magunia. Ndoo zako tatu za pilau na ndizi ziliwapa kazi wachumaji. Asidi ikatoka kwa wingi kuliko walivyoweza kuila wale wa mwisho, ikalundikana.

Ingekuwa inalundikana tu, wangeifikia pole pole. Ubaya ni kwamba asidi yenyewe inawaumiza. Wanafanya kazi vizuri pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba yake hushuka kadiri uchachu unavyozidi, ikiwa kati ya 6.8 na 7.5. Ikishuka chini ya 6.5 wanalegea, na chini ya 6 karibu wote wanasimama. Watengeneza asidi wao hawajali. Wanaendelea hata kwenye pH 5. Kwa hiyo kadiri inavyochachuka ndivyo walaji wa asidi wanavyopungua nguvu, na ndivyo inavyozidi kuchachuka. Mtambo ukishaingia kwenye mzunguko huo, kuulisha zaidi ili utoe gesi zaidi ni kuuzamisha.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la mwisho. Kinyesi cha ng'ombe huja na kinga yake: kina chumvi za bikaboneti na amonia zinazoshika asidi na kuzuia pH isiporomoke. Wali hauna kinga hiyo, maganda ya ndizi yanayo kidogo, na machicha ya mbege yanaingia yakiwa yameshachachuka tayari. Siku za mwanzo kinga ya miaka miwili ilikuwa bado ipo, ndiyo maana ukapata gesi nyingi na nzuri. Kisha asidi ikaanza kuitafuna, na bikaboneti ikikutana na asidi inaachia hewa ukaa. Hiyo ndiyo inayokipandisha kipimo chako sasa. Sindano inasoma presha. Haijui kilichomo ndani ya gesi ni nini. Na ukihisi harufu ya yai viza imekuwa kali kuliko zamani, hujakosea: tope likiwa chachu, salfaidi iliyokuwa imeyeyuka ndani yake hutoka kwa wingi kama gesi.

Mafuta ya kukaangia yaliongeza lake. Kwa kiasi kidogo sana mafuta hutoa gesi nyingi kuliko chakula chochote, lakini yakizidi, asidi zake ndefu huwaganda wale wa kundi la nne na kuwaziba, na yanayobaki yanaelea juu na kufanya utando.

Sasa tufanye nini? Njia zipo nne, nami nitakwambia ninavyozipima.

Ya kwanza, na ya lazima, ni kuacha kulisha. Ukiacha dawa nitakazozitaja hapa chini, usimimine chochote kwa wiki moja hadi mbili, hata kinyesi, na usiongeze maji. Mabaki yote ya Krismasi yaliyomo bado yanahitaji kuliwa, na wale wa mwisho wanahitaji nafasi wafikie kazi iliyorundikana. Wakati huo itoe gesi mbovu kila siku: chomoa mpira wa jikoni, uelekeze nje dirishani mbali na moto, sigara na banda, fungua koki mpaka kipimo kishuke karibu na sifuri, kisha funga. Usiiachie jikoni hata kama haiwaki. Mitambo mingi iliyochachuka kidogo hupona kwa hili peke yake. Wako, kwa ndoo tatu kwa siku kumi, sidhani kama utatosheka nalo.

Kwa hiyo njia ya pili ni kuwaletea wenzao. Tafuta jirani mwenye mtambo unaofanya kazi vizuri, umwombe tope linalotoka kwake likiwa bado bichi, si lile lililokaa juani. Ndoo kumi hadi kumi na tano za lita 20 ni mwanzo mzuri, na zaidi ni bora zaidi. Zimimine siku ile ile kupitia shimo la kuchanganyia, taratibu. Tope hilo lina vitu viwili kwa pamoja: walaji wa asidi waliokomaa, na bikaboneti ya kurudisha kinga. Ningekuwa na nafasi ya kuchagua dawa moja tu kwako, ningechagua hii, na haitakugharimu zaidi ya nauli ya pikipiki ya mizigo na asante.

Ya tatu ni kupandisha pH kwa kitu cha alkali, yaani kinachopunguza uchachu. Hapa watu huharibu kwa pupa. Wengi hukimbilia chokaa kwa sababu ni rahisi kuipata. Chokaa inafanya kazi, lakini inaifyonza hewa ukaa iliyomo ndani kwa haraka, presha inashuka ghafla, na ikizidi hugeuka mawe laini yanayotua chini ya mtambo. Vilevile pH hupanda haraka, kisha huporomoka tena. Bora magadi ya kuokea, yale meupe laini ya mikate. Yeyusha nusu kilo katika ndoo ya maji ya uvuguvugu, mimina mara moja kwa siku, siku tano, kisha pima pH ndipo uamue kama unaendelea. Magadi ya mawe ya kupikia maharage yanaweza kushika nafasi yake ukiyatumia kwa uangalifu, lakini yote mawili yana sodiamu, na sodiamu ikizidi inawadhuru hao hao unaowatibu. Usimwage gunia. Kama huna pesa ya magadi, majivu ya kuni yaliyochekechwa, vikombe viwili au vitatu kwenye ndoo ya maji kila siku, yanasaidia pole pole. Majivu ya takataka zenye plastiki au mbao zilizopakwa rangi hapana.

Ya nne ni kuutoa wote na kuanza upya. Hiyo naitaja ili niikatae. Ni kazi ya hatari, utapoteza vijidudu wote waliozoea mtambo wako, na kuujaza upya kwa ng'ombe wawili kutakuchukua muda mrefu kuliko kuuponya. Inafaa tu pale mchanga au mawe yamejaa chini, au sumu kali imeingia.

Kupima si kazi ngumu. Karatasi za pH hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya maabara na ya dawa za mabwawa ya kuogelea. Chagua zenye rangi nyingi zinazosoma namba. Ile litmasi ya shule ya bluu na nyekundu itakwambia ni chachu au si chachu, basi. Ila kumbuka tope linalotoka leo liliingia zamani. Kwa hiyo kwanza sukuma mti kupitia bomba la kuingizia, koroga ndani mara kumi na tano hivi, subiri kidogo, ndipo uchote. Andika namba kwenye daftari pamoja na tarehe. Namba inayopanda kutoka 5.8 hadi 6.3 ni habari njema hata kama jiko bado halijawaka.

pH ikifika 6.8, jaribu kuwasha. Ukiona moto wa bluu umetulia hata kwa dakika mbili, anza kulisha tena, lakini kinyesi na maji peke yake, na kwa robo ya kawaida. Tuseme kawaida yako ni kilo 25 za kinyesi na lita 25 za maji kwa siku. Anza na kilo sita na lita sita. Baada ya siku nne tano, kama moto bado mzuri, nenda nusu, kisha robo tatu. Moto ukianza kuyumba, rudi hatua moja nyuma. Kwa jumla hesabu wiki tatu hadi sita kabla ya kurudi ulikokuwa. Najua ni muda mrefu kwa mtu aliyerudi kwenye kuni, lakini wale wa mwisho hawaharakishwi na mtu.

Katika kipindi hiki tope chachu usilipeleke moja kwa moja kwenye migomba wala mboga. Litaunguza mizizi michanga. Liache kwenye shimo la kutolea, au lichanganye na majani makavu liwe mboji. Angalia pia yasije yakaingia mengine ya kuwachosha: maji ya sabuni na dawa ya kuulia wadudu ya banda, jiki ya kusafishia ndoo za maziwa, dawa ya kuogeshea ng'ombe, na kinyesi cha ng'ombe anayechomwa sindano za antibayotiki. Huyo wa sindano, kinyesi chake kitenge mpaka matibabu yaishe na siku kadhaa zipite. Mkojo wa ng'ombe kidogo badala ya sehemu ya maji hauna ubaya. Mbolea ya kuku nyingi ina ubaya, maana inaleta amonia kupita kiasi, na hapo ugonjwa unageuka kuwa mwingine.

Nisingependa utoke hapa ukiamini kwamba mabaki ya chakula ni adui. Kilo kwa kilo yanatoa gesi mara kadhaa kuliko kinyesi, kwa sababu ng'ombe ameshajichukulia sehemu kubwa ya nguvu ya majani kabla hujaokota anachoangusha. Huko Pune, India, taasisi ya ARTI ilibuni mtambo mdogo wa matangi ya plastiki unaoishi kwa mabaki ya jikoni tu, na ikapata tuzo ya Ashden ya nishati endelevu mwaka 2006. Lakini mtambo huo umeanzishwa na kulishwa kwa mizani tangu siku ya kwanza. Wako umezoea kinyesi. Ukitaka kuuongezea mabaki baada ya kupona, kilo moja kwa siku kwa wiki mbili, kisha mbili, na usivuke tatu kwa kilo 25 za kinyesi. Yakate madogo, yachanganye na kinyesi kwenye shimo la kuchanganyia, usiyamimine peke yake. Machicha ya mbege ningempa ng'ombe kwanza, kwa kiasi. Ataifanya kazi ile ile tumboni mwake na wewe utapata maziwa njiani. Mafuta ya kukaangia hapana, hata kijiko.

Na hesabu ya wageni uifanye mapema. Kilo 25 za kinyesi kwa siku, tukichukulia kila kilo inatoa lita 35 hadi 40 za gesi, ni kama mita moja ya ujazo. Hiyo inakupa saa mbili na nusu hadi tatu za jiko moja, familia ya watu watano. Nyumba ikijaa watu kumi na watano hakuna namna mtambo wa mita 6 na ng'ombe wawili utapika pilau la wote. Wiki hiyo tumia mtungi au kuni kwa vyungu vikubwa, na gesi ya mtambo ibaki ya chai na mboga.

Mwisho, yapo mambo usiyahangaikie peke yako. Ukisikia harufu ya yai viza ndani ya nyumba wakati koki zote zimefungwa, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima taa, toa watu nje, na umwite fundi siku hiyo hiyo. Kipimo kikishuka usiku kucha wakati hakuna anayepika, kuna mahali panavuja. Povu la sabuni juu ya maungio ya bomba litaonyesha pa nje, lakini ufa kwenye kuba ni kazi ya fundi. Tope likigoma kutoka ingawa unamimina, au maji ya mvua yakionekana yanaingia mtamboni, mwite. Na kama umefuata yote haya na baada ya wiki sita pH bado haijavuka 6.5, mwite pia.

Anza na fundi aliyekujengea, kwa sababu anajua vipimo vya kuba lako. Kama hapatikani, ulizia CAMARTEC mjini Arusha, taasisi ya serikali iliyoisimamia programu ya bayogesi ya majumbani iliyoanza mwaka 2009. Mafundi wengi wa kanda ya kaskazini walipitia mafunzo yake. Afisa mifugo wa kata naye mara nyingi anawafahamu walio karibu. Ukimpata fundi, mpe daftari lako lenye namba za pH, mwambie ulimimina nini na kwa siku ngapi, na uwe na chupa ya tope uliyochota asubuhi hiyo. Fundi atakayeanza kwa kutaka kufungua mfuniko kabla ya kuangalia hayo matatu, mshukuru na umtafute mwingine.